Huku juu ya Uyole viwanja vimekwisha, makaburi yetu yako ndani ya fensi za watu. Tuongee, wana Mbeya

Msafwa wa Juu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna uzi ulitembea humu kurasa na kurasa. Wakinga wameteka Mwanjelwa, Wanyakyusa wamejaa maofisini, Wachaga wamekuja na mitaji yao, watu wa Dar wamepandisha bei ya viwanja. Nimesoma mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyemtaja Msafwa hata kwa bahati mbaya. Watu wanagombea mji, mwenye shamba kasimama pembeni anawaangalia.

Basi mimi ni Msafwa. Nimezaliwa huku juu ya Uyole, baba kazaliwa huku, babu kazaliwa huku. Lile swali la "na wewe umetokea wapi" msinipe mimi. Sijatokea popote, mji ndio umenifuata shambani.

Mbeya kama mji ilianza 1927, Waingereza wakifuata dhahabu ya Lupa kule Chunya. Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 ndani ya Jiji. Ya 2022 ikakuta 541,603. Toa watoto waliozaliwa katikati hapo, waliobaki wamejenga wapi? Isyesye, Itezi, Nsalaga, Igawilo, Iganjo, Iwambi. Palepale tulipokuwa tunalima viazi na mahindi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Miaka kadhaa nyuma baba mkubwa aliuza kipande cha shamba. Kwenye kona ya chini kuna makaburi matatu, la babu na ya shangazi wawili. Wakakubaliana kwa mdomo, mbele ya mashahidi: makaburi yabaki, na njia ya kuyafikia ibaki. Mnunuzi wa kwanza alikuwa muungwana, hata palizi alikuwa anatusaidia. Akahamishwa kikazi, akauza. Wa pili naye akauza. Huyu wa tatu kapandisha tofali mpaka juu, kaweka geti jeusi, mbwa wawili na mlinzi.

Krismasi moja tumekwenda kupalilia kama kawaida yetu. Mlinzi anasema bosi yuko Dodoma, haruhusu mtu, ngoja nimpigie. Kapiga, simu haipokelewi. Kapiga tena, imezimwa. Vijana wakaanza kufoka, nikawatuliza maana yule mlinzi naye ni mtoto wa watu anatafuta riziki. Mama mdogo alikuwa amekoroga chokaa kwenye ndoo ya lita kumi, brashi mkononi. Akakaa juu ya tofali zilizobaki, nje ya geti, mpaka chokaa ikaanza kuganda. Hakulia wala hakutukana. Jioni akaimwaga kwenye mtaro tukarudi nyumbani.

La pili ni misiba. Huku kwetu mtu akifa mtaa mzima unasimama. Vijana wanachimba kaburi, akina mama wanabeba sufuria, mnalala msibani mpaka mazishi yaishe. Hawa wenzetu wa mageti wanatuma elfu tano kwa simu ya balozi, basi, wamemaliza. Yeye mwenyewe humwoni, mke humwoni, hata mtoto wa kuja kuangalia ratiba humwoni. Jembe la kuchimba kaburi analishika nani?

Mifereji na njia za miguu zilizozibwa sitaki hata kuanza, nitajaza ukurasa.

Sina tatizo na mtu kununua ardhi. Ila ukinunua shamba la mtu, umenunua na majirani zake.

Nawasilisha. Mwenye matusi ya kikabila apeleke kwenye ule uzi mwingine.

Mtoto wa Sokomatola

Mkuu acha kulialia. Si mliuza wenyewe? Mkapewa hela mbichi, mkanunua pikipiki na redio, leo mnakumbuka makaburi. Nani aliwashikia panga muuze?

Msafwa wa Juu

Aliyeuza ni mmoja, makaburi ni ya ukoo. Na ndiyo, pikipiki ilinunuliwa, matope ya huku yakaimaliza kabla haijafikisha mwaka. Nyingine aliuguzia mke. Unajua bei ya gunia la viazi ilivyokuwa mwaka ule, tena gunia lenyewe la lumbesa? Mtu analima msimu mzima, dalali anamjazia gunia mpaka limeota kichwa, analipwa gunia moja. Halafu anatokea mtu na pesa taslimu anataka robo eka. Usimcheke.

Kinga wa Kabwe

Naona jina letu limetajwa kwenye mstari wa pili tu, nilikuwa nasubiri.

Mimi nimezaliwa Mbeya, nimesoma Mbeya, kadi yangu ya kliniki ni ya Mbeya. Nikiulizwa kwetu wapi nikisema Ilomba watu wanacheka, "sema kweli bwana". Mzee wangu alishuka kutoka Makete akiwa kijana, akaanza kubeba mizigo kwenye duka la mtu, analala stoo juu ya magunia. Akapata kimeza chake Mwanjelwa. Desemba 2006 soko likaungua, kila kitu kikaisha usiku mmoja. Alikopa nguo za mitumba kwa wenzake akaanza tena chini, barabarani, kwenye turubai. Aliposimama, majirani wakasema ana ndagu, yaani utajiri wa kichawi. Wakuu, duka linafunguliwa saa moja asubuhi linafungwa saa tatu usiku, miaka nenda rudi, mwenyewe anakula ugali na maharage nyuma ya kaunta. Ndagu ndiyo hiyo, mwenye kuitaka aje nimfundishe.

Kwa hiyo nikisikia "wa kuja" damu inachemka. Katiba ibara ya 17 inasema Mtanzania anakwenda popote na kuishi popote ndani ya Jamhuri ya Muungano. Hakuna mkoa wenye geti.

Lakini kwenye hili la makaburi nipo na mleta mada mia kwa mia. Na niseme kitu wengi hatukisemi. Sisi tukifiwa mjini hapa tunasafirisha, maiti inarudi Makete. Wanyakyusa wanarudisha Tukuyu na Kyela, Wachaga ndio usiseme. Sasa mtu ambaye mfu wake hatalala ardhi hii, kaburi la jirani analionaje? Analiona ni kitu kinachoshusha bei ya kiwanja. Mkinga huyohuyo nenda kamkanyagie kaburi la babu yake Makete uone.

bajaji Mafiati-Uyole

Duh, hiyo ya maiti kusafirishwa imenigusa kichwani. Naendelea kusoma.

Mzee wa Chunya

Vijana, mnaongea kana kwamba wageni wamegunduliwa juzi.

Miaka ya 1870 Wahehe wa chifu Munyigumba walimbana Merere, chifu wa Wasangu, akakimbilia Usafwa, akajenga ngome yake Utengule na kuwatawala Wasafwa juu ya ardhi yao wenyewe. Hapo hata Mjerumani bado. Ikaja dhahabu ya Lupa, mabonde ya Chunya yakajaa watu kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (Malawi na Zambia za leo), Unyakyusa, Usangu, kila mtu na sururu yake. Ikaja reli ya TAZARA, ikajengwa 1970 mpaka 1975, wajenzi wengine wakaona wabaki Iyunga na Ruanda, hapahapa Mbeya. Vikaja vyuo. Ikaja Jiji. 2012 ukafunguliwa uwanja wa ndege wa Songwe. Leo mnapanua barabara njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, mnadhani inawaletea nani? Kila waliotangulia waliwalalamikia waliowafuata, na waliowafuata wakaja kulalamika vilevile.

Msafwa wa Juu

Shikamoo mzee. Historia nimeipokea. Ila Merere alikuja, Mjerumani akamrudisha Usangu. Mwenye fensi nani atamrudisha?

Mzee wa Chunya

Marahaba. Hapo umenikamata, sina jibu.

Ila hilo neno kurudisha lishike kwa uangalifu. Ulikuwa mdogo pengine, lakini mimi niliona wafugaji wakiondolewa bonde la Usangu na Ihefu 2006 na 2007, Wasukuma na wengine, ng'ombe wakapakiwa kwenda mpaka Lindi. Sababu ilikuwa maji ya mto Ruaha, na maji kweli yalikuwa na shida. Lakini nilishuhudia pia majirani walioshangilia, kisha wakaja kutafuta maziwa na samadi wasiione. Na mpunga unakula maji vilevile, hakuna aliyeupakia kwenye lori.

Mwanachuo wa Ikuti

Naomba na mimi mgeni niongee. Nimetoka Shinyanga, nasoma hapa. Kila kikao cha mtaa tunaambiwa wanafunzi tumepandisha kodi. Jamani, kodi anapanga mwenye nyumba! Na mwenye nyumba wangu ni mwenyeji kabisa, mashamba yake yote ameyageuza vyumba. Chumba hakina dari, Julai ile baridi ya hapa unaamka pumzi inaonekana kama moshi. Choo nje, luku moja wapangaji saba, na anataka miezi sita mkononi. Nikichelewa wiki moja nakuwa "hawa watu wa kuja hawana adabu". Nikilipa nakuwa "mwanangu".

Mtoto wa Sokomatola

Hahaha, mwanangu wa miezi sita.

Mama Kabichi

Wanangu hamjambo. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, niliolewa nikaja Uyole kabla ya lami haijaingia mitaa ya ndani. Nauza mboga.

Hilo la msiba mleta mada kasema kweli lakini kasema nusu. Hapa jirani alihamia mama mmoja na mumewe, watu wa pwani, nyumba ya geti kama hizo mnazosema. Tukamnyamazia. Akatokea kufiwa mzee wa nyumba ya chini. Yule mama akaja na sufuria yake kubwa na kilo za mchele, akauliza jiko liko wapi. Hajui hata kukoka kuni mbichi, macho yamemtoka mekundu kwa moshi. Akalala chini kwenye majani na sisi, usiku ule wa Juni. Tokea siku hiyo ni wetu. Mwaka juzi mwanae alipopata ajali sisi ndio tulikuwa hospitali kwa zamu.

Nilimuuliza mbona siku zote hukuwa unakuja. Akanijibu, "Mama, hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nasikia vilio usiku, naogopa hata kuuliza." Balozi alikuwa akienda kwake na daftari la mchango tu. Basi. Siku hakuna mchango, hakuna anayebisha hodi.

Sasa nawauliza, nyie mnaolalamika, mlishabisha hodi kwenye hayo mageti mkiwa hamna daftari? Ndaga fijo, asanteni sana.

Msafwa wa Juu

Shikamoo mama. Hodi tulibisha, mbwa wakaitika. Lakini nimekusikia.

Nimejenga Juu

Nimekuwa nasoma kimya, acha niseme kwa sababu mimi ndiye huyo wa geti. Si geti la mleta mada, kiwanja changu hakina kaburi, lakini ni wa aina hiyohiyo. Nilihamia kikazi miaka sita sasa.

Nilinunua kwa mzee mmoja, karatasi ya mauziano ikagongwa muhuri mtaani, nikatoa na asilimia kumi niliyoambiwa ni ya mtaa, risiti sikuona. Nimeleta mawe ya msingi, akatokea mdogo wake yule mzee: kile kipande ni changu, kaka aliuza bila kuniambia. Viongozi walewale waliogonga muhuri wakanishauri nimpoze. Nikampoza. Nikajenga mpaka lenta, akatokea mjane wa kaka yao mwingine. Huyo nilimpa nusu, kwa huruma, maana nilimwona kabisa kwamba hakupata kitu kwenye ile hela ya kwanza. Saruji mifuko kumi na minne ikaibwa usiku mmoja, na fundi anajua waliobeba. Kila kitu nilichonunua, tofali, mchanga, hata mbao, nilikuwa na bei yangu na jirani ana bei yake.

Mkisema tunajifungia, mjue fensi haikuwa ya kwanza kwenye ramani yangu. Ilikuja baada ya hayo.

Msiba siendi kweli. Nilikwenda mmoja, watu wakanyamaza nilipokaa. Nikasema basi nitatuma hela.

Kinga wa Kabwe

Huyu kaongea mambo ambayo wageni wote tunayajua na hatuyasemi. Bei ya mgeni ipo. Baba yangu ana miaka arobaini hapa na bado kuna mafundi wanampigia bei ya mgeni.

Msafwa wa Juu

Nimejenga Juu, pole kwa saruji. Hilo la watu kunyamaza naliamini, nimeliona. Ila yule mjane uliyemtaja ndiye ninayemsemea mimi. Mzee mmoja wa ukoo anauza, muhuri unagongwa, waliobaki wanasikia mlio wa tofali zikishushwa. Hasira inakwenda kwako kwa sababu wewe ndiye unaonekana. Aliyegonga muhuri kabadilishwa kwenye uchaguzi, aliyeuza kafa. Umebaki wewe na ukuta wako.

Fundi Bikoni

Nafanya kazi za upimaji, naomba niweke mambo sawa maana humu kuna hisia nyingi na karatasi kidogo.

Huku juu kote palikuwa ardhi ya vijiji, ile inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kijiji kikimezwa na mji kinakuwa mtaa, na ardhi inaingia chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo. Watu wengi hawakuambiwa tofauti yake. Kijijini kulikuwa na halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji wenye sauti juu ya ardhi. Mtaa hauna sauti hiyo, mwenyekiti wa mtaa ni shahidi tu wa kuwatambua watu. Lakini watu wakaendelea kumwendea kama zamani, na yeye akaendelea kugonga muhuri kama zamani.

Makaburi: zipo sheria mbili za kuangalia. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 ni kwa ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, na serikali ndiyo inayoitumia. Mtu binafsi hawezi kuamka akafukua. Na anayevuruga kaburi kwa makusudi anakutana na Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo huyo wa Dodoma akigusa hayo makaburi ana kesi.

Njia ndiyo ngumu. Haki ya kupita kwenye ardhi ya mwenzako inatambulika kisheria, ila inatakiwa iwe kwenye maandishi na isajiliwe ili imfunge na atakayenunua baadaye. Ninyi mlikubaliana kwa mdomo na mnunuzi wa kwanza. Wa tatu atasema hakuwahi kusikia, na pengine ni kweli hakuwahi.

Mahali pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usidharau lakini, mkishindwana pale ndipo mnapata cheti cha kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bila cheti wanawarudisha. Nendeni na wale mashahidi wa mauziano ya kwanza wakiwa bado hai.

bajaji Mafiati-Uyole

Mkuu Fundi, na wale wanaouziwa kiwanja kimoja watu wawili?

Fundi Bikoni

Anzisha uzi wako, huo hauishi leo.

Mtoto wa Sokomatola

Mimi nasema tena, wenyeji acheni kuuza basi. Tatizo limeisha.

Msafwa wa Juu

Rahisi kusema ukiwa Sokomatola. Huku ukiwa na shamba katikati ya nyumba, mbuzi wa jirani wanakula mahindi, watoto wa jirani wanavunja mabichi, maji ya mabati yao yote yanashukia kwenye matuta yako. Ukilima hupati, ukiacha unaonekana mvivu. Shamba linakufa kabla hujaliuza.

Fundi, nimeongea na baba mdogo kwa simu saa hizi. Shahidi mmoja yupo Igawilo, mwingine alihamia Mbalizi lakini anapatikana. Jumatatu tunakwenda kata. Pia nimemwomba mlinzi namba nyingine ya bosi wake, kanipa ya mke. Nitaanza na huyo kabla ya baraza, kwa ushauri wa Mama Kabichi, bila daftari.

Na kuna jingine. Binamu zangu wanataka kuuza nusu eka iliyobaki upande wa juu, inapopita njia ya kisimani. Nimewazuia nimeshindwa, na haki wanayo. Mteja ni mtu wa Songea, mwalimu. Kwenye karatasi niweke nini?

Fundi Bikoni

Pimeni kwanza kabla ya kuuza, hata kama itachelewesha hela. Njia ya kisimani itolewe nje ya kiwanja, iwe njia kwenye ramani, usiiache ndani halafu uandike "ataruhusu". Kama kuna kaburi hata moja, likatwe nje na eneo lake. Warithi wote wasaini, na wake wa waliooa wasaini, msimwache mjane yeyote nyumbani. Mkataba uandikwe na wakili. Muhuri wa mtaa ukitaka uweke, lakini usiutegemee. Na hela igawanywe siku hiyohiyo mbele ya huyo mwalimu, ajionee kila mtu kapata chake.

Nimejenga Juu

Hilo la mwisho ningefanyiwa mimi, nisingejenga ukuta wa futi nane.

Msafwa wa Juu

Nimenakili yote. Mwalimu anakuja Jumamosi kuangalia eneo, nimemwambia aje na mkewe.